Chi-Raq: maswali yanayorudi kila tukiitazama filamu ya Spike Lee

Filamu hii nimeionyesha mara nne sebuleni kwangu, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe lililobanwa ukutani kwa vibanio vya nguo. Kila taa zikiwashwa, maswali huwa yale yale. Mengine huulizwa na watu wanaofuta machozi, mengine na wale waliotoka nje katikati kwa sababu ya matusi. Nimeyaandika hapa ili mara ya tano nipate kunywa chai yangu ingali ya moto. Asiyependa kusimuliwa mwisho wa filamu kabla hajaiona, aliruke swali linalotaja mwisho.

Kwa ufupi, inahusu nini?

Magenge mawili ya vijana upande wa kusini wa Chicago, Marekani, yanauana. Spartans wanavaa zambarau, Trojans wanavaa rangi ya chungwa. Kinara wa Spartans ni mwanamuziki wa rap, Demetrius Dupree, anayejiita Chi-Raq (Nick Cannon). Wa Trojans ni Cyclops: Wesley Snipes aliyezibwa jicho moja kwa kitambaa kinachometameta, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Kisha mtoto wa kike, Patti, anauawa na risasi ambayo haikumlenga yeye. Mpenzi wa Chi-Raq, Lysistrata (Teyonah Parris), anawakusanya wanawake wa pande zote mbili na kuwaapisha: hakuna mwanamume atakayepewa unyumba mpaka bunduki ziwekwe chini.

Ilianza kuonyeshwa Marekani Desemba 4, 2015, nayo huchukua saa mbili na dakika saba. Iliandikwa na Spike Lee pamoja na Kevin Willmott, na ndiyo filamu ya kwanza Amazon Studios kuitoa kama kazi yake yenyewe.

Lysistrata ni jina la wapi?

Ni la Kigiriki, na maana yake iko karibu na "mvunja majeshi". Ni jina la futuhi iliyotungwa na Aristophanes na kuchezwa Athens mwaka 411 KK. Athens ilikuwa vitani na Sparta tangu 431 KK. Miaka miwili kabla ya mchezo huo, jeshi kubwa ililolipeleka Sicily lilikuwa limeteketea lote. Katika mji uliojaa wajane, mtu mmoja akaona wakati umefika wa kuchekesha.

Mgomo wa kitandani kila mtu anaukumbuka. Kinachosahaulika ni nusu ya pili ya mpango. Wake vijana wakila kiapo juu ya bakuli la mvinyo, vikongwe wa mji wanaiteka Akropolis, ngome ya kilimani ambako hazina ya dola ilitunzwa. Kwa hiyo wanaume walinyimwa mambo mawili kwa mpigo: unyumba, na fedha za kulipia vita. Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo liliwatisha zaidi.

Kuna sehemu katika tamthilia hiyo naipenda kuliko utani wake wote. Afisa wa serikali anamuuliza Lysistrata kwa kejeli, ninyi wanawake mtautatuaje mgogoro wa dola? Naye anamjibu kwa sufi: kwanza unaiosha itoke uchafu, unachambua miiba iliyonasa, unaichana, unaikusanya pamoja ya wenyeji na ya wageni, unasokota uzi, halafu unawafumia wananchi joho. Mwanamke wa Pwani angelisema hilo hilo kwa ukili na mkeka, na afisa angebaki vile vile mdomo wazi.

Nyongeza kwa wanaodhani Wagiriki walikuwa watu wa staha tupu: wahusika wote, wanawake wakiwemo, walichezwa na wanaume waliovaa vinyago, na mzaha mwingi ulitegemea uume wa ngozi uliofungwa viunoni. Spike Lee, pamoja na makelele yote aliyopigiwa, ana haya kuliko Aristophanes.

Mbona wanaongea kwa vina kama wanaghani?

Kwa sababu tamthilia ya asili ilikuwa ya kishairi, na waandishi wakaona wasiiache tabia hiyo. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni mishororo miwili miwili yenye vina mwishoni. Watazamaji wengi wa Magharibi walilalamika kwamba inachosha. Sebuleni kwangu hakuna aliyelalamika. Watu waliokua wakisikiliza malenga redioni na mipasho ya taarabu wanajua kwamba tusi lenye vina huuma mara mbili na bado halina ushahidi. Vijana wa rap nao ndiyo lugha yao ya kila siku, kwa hiyo genge linapotupiana maneno kwa vina halijifanyi kitu lisicho.

Panapokwama ni kwa meya na polisi. Hao wakianza kughani unaona kabisa mwigizaji anahesabu mizani kichwani.

Mtambaji wa hadithi ni Dolmedes, Samuel L. Jackson aliyevaa suti za rangi kali na kushika bakora. Yeye amekuwa badala ya kundi la waimbaji wa Kigiriki, lile lililokuwa likisimama kando kutoa maoni. Hadithi ikifika pabaya, anajitokeza, wengine wote wanaganda kama picha, naye anatusemesha sisi. Kwa anayeijua "paukwa", jambo hilo halihitaji maelezo.

Na jina "Chi-Raq"?

Ni Chicago iliyounganishwa na Iraq. Hakulibuni Spike Lee. Lilikuwa tayari mdomoni mwa vijana wa upande wa kusini, hasa wanamuziki wa drill, ule mtindo wa rap uliochipuka huko mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kwao lilikuwa na majigambo ndani yake na kilio ndani yake, na mara nyingi huwezi kuvitenga.

Viongozi wa mji hawakulipenda. Meya wa wakati huo, Rahm Emanuel, alimwambia mwongozaji uso kwa uso kwamba jina hilo linamkera, na katika baraza la jiji likatolewa pendekezo la kumnyima unafuu wa kodi ambao watengenezaji filamu hupewa. Mei 2015 Spike Lee akaitisha mkutano na waandishi wa habari kanisani, akiwa amezungukwa na wazazi walioshika picha za watoto wao waliouawa. Baada ya hapo ikawa vigumu kwa mtu kusimama na kusema tatizo ni jina.

Zile namba za mwanzoni ni za kweli?

Filamu inafunguka kwa ramani ya Marekani iliyochorwa kwa bunduki, kisha wimbo mzima unaopigwa huku maneno yake yakiandikwa mekundu kwenye kioo cheusi. Hakuna mtu, hakuna mtaa. Dakika kadhaa za kusoma tu. Watu wawili waliwahi kuniuliza kama mashine imeharibika.

Halafu zinakuja hesabu: Wamarekani 2,349 waliokufa Afghanistan tangu 2001, 4,424 waliokufa Iraq, na watu 7,356 waliouawa Chicago kati ya 2001 na 2015. Ulinganisho huo una mushkeli wake, maana mji wa watu karibu milioni 2.7 haulingani na kikosi cha askari. Tena vita viliua Wairaki na Waafghani wengi kupita kiasi, ambao hawamo kwenye kioo. Lakini kama njia ya kumzaba kofi mtazamaji aliyekuja kucheka, inafanya kazi. Na mwaka uliofuata, 2016, ulikuwa mbaya zaidi: mauaji zaidi ya 750 katika mji huo.

Magenge ya Chicago kweli ni mawili, yenye sare?

Hapana, na hili ndilo kosa ambalo wenyeji walilishika kwanza. Zamani kulikuwa na majeshi makubwa yenye vinara wanaotambulikana. Vinara wakafungwa, yale majengo marefu ya umma ya wapangaji maskini yakabomolewa (Robert Taylor Homes, lililokuwa kubwa kuliko yote, lilimalizika kuvunjwa 2007), watu wakatawanyika. Kufikia 2015 kilichobaki kilikuwa vikundi vidogo vidogo, kila mtaa na chake, vinavyogombana kwa matusi ya mtandaoni kuliko kwa amri ya mkubwa fulani. Huwezi kumwita "jemadari" wa vijana kumi na wawili wa kona moja aje kutia sahihi mkataba.

Spike Lee alihitaji Athens na Sparta, kwa hiyo akashona zambarau na chungwa. Ukiitazama kama ngano, inapita. Ukiitazama kama habari, itakuudhi.

Si dharau kuchekesha watu juu ya watoto waliouawa?

Hili ndilo swali ambalo huwa linatuweka mpaka saa sita usiku.

Filamu ilipigwa mitaa ya kusini, Englewood ikiwemo, katika majira ya joto ya 2015, mauaji yenyewe yakiendelea. Mama yake Patti anaitwa Irene, na anayemwigiza ni Jennifer Hudson. Oktoba 2008, katika mji huo huo, Hudson alipoteza kwa risasi mama yake, kaka yake na mpwa wake mdogo. Sitamsemea moyo wake. Naweza kusema tu kinachoonekana: Irene amepiga magoti barabarani na ndoo na brashi, anasugua damu ya mwanawe kwenye lami. Povu linageuka rangi ya waridi. Hakuna vina hapo. Anasugua kama mtu anayesugua sakafu ya jikoni kwake, na damu inakataa kutoka yote.

Mara ya pili nilipoionyesha, jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa amecheka kwa sauti dakika chache kabla, alivua miwani akaishika mapajani mpaka onyesho hilo likapita. Baadaye akaniambia, "Mwanangu, wamenikamata nikiwa nacheka." Sijasikia mtu akiieleza tashtiti, yaani kejeli yenye shabaha, vizuri zaidi ya hapo. Ungemwonyesha ile ndoo mwanzoni, angejiandaa kulia, na aliyejiandaa kulia hulia kidogo tu.

Pale utani unapokuwa wa mwili mtupu, filamu inapwaya, nakubali. Kuna jemadari mzee wa ghala la silaha ambaye anaishia kuvua nguo na kubaki na chupi yenye bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa. Mzaha wenyewe una shabaha, ila unaburutwa hadi unapoteza makali. Ningekata dakika kumi hapo bila kuomba ruhusa.

Yule padri mzungu anafanya nini katikati ya waumini weusi?

Watu hudhani ni mbinu ya kumpatia mzungu nafasi. Sivyo. Padri Mike Corridan, anayeigizwa na John Cusack, ametokana na mtu aliyepo kweli: Michael Pfleger, ambaye amekuwa paroko wa St. Sabina tangu 1981, parokia ya Wakatoliki weusi upande wa kusini. Mtoto wake wa kulea aliuawa kwa risasi mwaka 1998. Mahubiri ya padri kwenye msiba wa Patti yalipigwa picha ndani ya kanisa hilo hilo.

Mahubiri hayo ni marefu, na kuna anayeanza kupapasa simu. Msikilizeni. Ndipo mahali pekee ambapo filamu inaondoka kitandani na kugusa benki zisizokopesha, shule, magereza, na mtu anayeuza bunduki. Chicago ilikuwa na sheria kali za silaha, lakini mpaka wa jimbo la Indiana, ambako sheria ni legevu zaidi, ni mwendo mfupi wa gari. Na mtu mzima aliyepigwa risasi kusini mwa mji mwaka 2015 alikimbizwa mbali, kwa sababu hospitali ya University of Chicago ilikuwa imefunga kitengo chake cha majeraha makubwa kwa watu wazima mwaka 1988. Kipya kilifunguliwa Mei 2018, baada ya miaka ya vijana wa mitaa hiyo kuandamana.

Mgomo wa unyumba umewahi kufanyika kweli?

Umefanyika, tena zaidi ya mara moja. Filamu yenyewe inaitaja Liberia: Lysistrata anapata wazo baada ya kusikia habari za Leymah Gbowee. Mwaka 2003 wanawake wa Liberia, Wakristo na Waislamu pamoja, walivaa fulana nyeupe na kukaa kando ya barabara juani, siku baada ya siku, wakidai vita viishe. Mgomo wa unyumba ulikuwamo. Lakini Gbowee mwenyewe ameandika baadaye kwamba mgomo huo haukuwa na matokeo makubwa ya moja kwa moja; ulichofanya ni kuwavuta waandishi wa habari. Kilichowabana wanaume ni kukaa kwao kwenye milango ya ukumbi wa mazungumzo kule Accra na kuwazuia wajumbe wasitoke, na walinzi walipokuja kumkamata akatishia kuvua nguo hadharani. Kwa mila za Afrika Magharibi, na si huko tu, mama kuvua nguo mbele yako ni laana. Mkataba ulitiwa sahihi Agosti 2003. Mwaka 2011 alipata Nobeli ya Amani pamoja na wanawake wengine wawili.

Tukio lililo karibu zaidi na filamu ni la Pereira, Kolombia, Septemba 2006. Wapenzi na wake za wanachama wa magenge waligoma kwa siku kumi ili wanaume wao wasalimishe silaha. Wenyewe waliuita mgomo wa miguu iliyokunjwa.

Na wasomaji wa Kenya wanalikumbuka la kwao. Mwisho wa Aprili 2009, mwaka mmoja baada ya machafuko ya uchaguzi yaliyoua zaidi ya watu elfu moja, Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila walikuwa wakivutana ndani ya serikali ya mseto. Muungano wa vikundi vya wanawake, Maendeleo ya Wanawake ikiwemo, ukatangaza wiki moja ya kunyimana. Ida Odinga, mke wa Waziri Mkuu, aliunga mkono hadharani. Waandaaji walisema wako tayari hata kuwalipa wanawake wanaouza miili ili nao wafunge duka. Mume mmoja alikwenda mahakamani kudai fidia kwa maumivu ya mgongo, msongo wa mawazo na kukosa usingizi. Aristophanes angeilipia habari hiyo.

Kwa hiyo wanawake ndio walaumiwe kwa kuwa "hawajagoma"?

Hapa nakubaliana nusu na wanaoikosoa. Ukiichukua hadithi neno kwa neno, inasema mauaji yanaendelea kwa sababu kitanda kiko wazi, na inamtwika mama aliyefiwa kazi ya kumtuliza muuaji. Chance the Rapper, mwana wa Chicago, alisema wazi kwamba wazo hilo ni tusi kwa kila mama aliyempoteza mwanawe. Spike Lee akamjibu kwa kumkumbusha kuwa babake alikuwa mfanyakazi wa meya. Jibu hilo halikujibu hoja.

Nusu yangu ya pili ni hii: katika filamu hakuna mwanamke anayeamini kwamba mwili wake ndio chanzo cha vita. Wanautumia kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho wanaume hao huja kukiomba. Huyo huyo Lysistrata, akishapata watu nyuma yake, haishii chumbani. Anaenda kuteka ghala la silaha la serikali, kama vikongwe walivyoteka hazina. Wanaume wanajaribu kuwatoa kwa kuwapigia nyimbo laini za mapenzi kupitia spika kubwa, na wanawake walio ndani wanahangaika kweli, kwani nao si mawe. Hilo Aristophanes alilijua pia: kwake wanawake ndio wa kwanza kutafuta visingizio vya kutoroka kwenda nyumbani.

Mwisho wake unaishaje? (ruka kama hujaiona)

Watu wamevaa nyeupe, mkataba unatiwa sahihi, kampuni kubwa zinaahidi ajira. Kila mtu sebuleni huguna hapo, kwa sababu hakuna anayeamini. Halafu Chi-Raq anakiri mbele ya Irene kwamba risasi iliyomuua Patti ilikuwa yake, na anatolewa akiwa amefungwa pingu. Tamthilia ya Kigiriki inaisha kwa ngoma na karamu. Hakuna anayeulizwa nani alimuua nani. Lee aliibakiza karamu, ila akamtaka mmoja aseme "ni mimi". Mtaani ambako mashahidi hukaa kimya kwa hofu, hiyo ndiyo ndoto kubwa kuliko mkataba.

Ilipokelewaje?

Kwenye kumbi haikufua dafu: ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 15 na ikaingiza chini ya milioni 3. Wakosoaji waligawanyika, wengi wakiisifu kwa ujasiri. Ilitoka siku kumi baada ya jiji kutoa video ya polisi akimpiga kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, risasi 16. Maandamano yalijaa barabarani, na filamu ambayo karibu risasi zake zote ni za vijana wao kwa wao ikaonekana imeangalia upande mmoja. Lee na Willmott walirudi pamoja na BlacKkKlansman, wakapata Oscar ya uandishi 2019.

Niiangalie na watoto?

Usithubutu. Matusi ni mengi, na wimbo wa mgomo wenyewe hautamkiki mbele ya wakwe.

Nina nusu saa tu. Nitazame wapi?

Usianze na zile herufi nyekundu. Mtafute Dolmedes anapotokea mara ya kwanza, msikilize mpaka amalize. Kisha peleka mbele hadi kiapo cha wanawake, ucheke. Usizime hapo. Iache iende yenyewe mpaka ufike kwenye ndoo.